Fundi, mvua ya mawe imeniharibia mabati ama ni macho yangu?

SWALI: Fundi habari, niko huku Kericho, juzi mvua ya mawe ilitupiga kama dakika kumi hivi, majani chai yote chini, sasa nikiangalia paa sioni tundu lolote lakini jirani anasema mabati yangu yameisha. Nitajuaje?

JIBU: Pole sana. Huko Kericho na Nandi Hills mawe ni mgeni wa kila mwaka, kwa hiyo jirani anaweza kuwa amesema ukweli ama anakutisha tu. Usiangalie saa sita mchana, jua likiwa juu vibonyeo havionekani, ngoja jioni likiwa limelala uangalie paa kwa upande, utaona vijishimo vya duara vimetapakaa ovyo bila mpangilio. Bado una shaka? Chukua chaki uilaze ubavu upake taratibu, palipobonyea patabaki bila chaki.

Sasa kibonyeo chenyewe hakivujishi maji, ni sura tu. Ubaya ni rangi au zinki ikipasuka hapo, kutu inaanzia hapo hapo, na ukikuta kutu tayari basi hayo madhara ni ya zamani sio ya juzi. Angalia pia raba za misumari, gata, na zile karatasi za plastiki za kuingiza mwanga, hizo ndizo hupasuka kwanza. Halafu panda darini mchana uzime taa, mwanga ukipenya mahali, hapo ni tundu.

Ukibadilisha nunua geji (kipimo cha unene wa bati) 28, hiyo 30 ni nyembamba, namba kubwa isikudanganye.