Ngano ya dhahabu yenye bonde la kijani: usipulizie glaifoseti kesho

Mkuu, weka pampu chini kwanza. Umeandika kwamba ngano yako imegeuka dhahabu isipokuwa bondeni, mvua inanukia, na unataka kupulizia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kesho ili kombaini ya kuvuna iingie siku ya nne. Halafu unauliza lita ngapi kwa hekta. Lita zina hesabu yake. Hayo maneno mawili, "isipokuwa bondeni", ndiyo yatakayokuumiza.

Glaifoseti haichomi mmea pale inapogusa. Inaingia kwenye jani na shina bichi, inasafiri pamoja na sukari, na kufika kule mmea unakopeleka chakula. Ngano ambayo haijamaliza kujaza inapeleka chakula kwenye punje. Ukipulizia suke la namna hiyo unajipiga mara mbili: chakula kinakatika kabla punje haijajaa, unavuna punje nyepesi zilizosinyaa, na dawa nayo inaingia ndani ya kile unachokwenda kuuza. Unyevu wa punje ukishuka chini ya asilimia 30, punje imekomaa na mmea umeacha kuilisha. Hapo ndipo lebo inapokuruhusu, na asilimia hizo 30 ni za sehemu iliyo mbichi kuliko zote. Wastani wa shamba haukusaidii kitu.

Hapa ndipo wauzaji wa dawa wanapotuangamiza. Kauli yao ni moja: likishabadilika rangi, piga. Nimeulipia ushauri huo, na nakasirika kila ninapouona ukipewa mtu mwingine. Ukisimama ukingoni mwa shamba unaona masuke ya mashina makuu, yaliyo juu na yaliyotangulia kukauka. Machipukizi yaliyochelewa yako chini yamejificha, na bondeni kwenye unyevu, au pale mbolea ilipozidi, ngano iko nyuma kwa siku nyingi. Muuzaji haoni hayo kutoka kaunta, na punje zikisinyaa hatakuwepo kwenye mizani.

Kanuni yangu ni hii: punje ya kijani kuliko zote ndiyo inayoamua siku. Ingia shambani, tembea kwa kupinda ili ufike kingo, katikati na bondeni. Chukua masuke sehemu zisizopungua 20, na kila unaposimama chukua la shina kuu na la chipukizi. Usiishie kwenye punje za katikati ya suke, kwa sababu ngano huanza kuchanua hapo, hivyo hizo hukomaa mapema. Toa pia za chini na za nchani. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ikitoka maziwa au ujiuji, rudi nyumbani. Ikibonyea kama unga uliokandwa na alama ikafutika, bado. Alama ya ukucha ikibaki wazi bila kufutika, umekaribia.

Kisha hakikisha kwa uzito, maana vipima unyevu vingi vya mkononi vimetengenezwa kwa nafaka karibu kavu na hubabaisha kwenye punje mbichi. Pima gramu 100 za punje kutoka sehemu ya kijani peke yake, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 72, unyevu ulikuwa asilimia 28. Zikibaki 65, ulikuwa 35 na ungeharibu.

Siku nne nazo zifute. Lebo nyingi za glaifoseti kwenye ngano zinataka angalau siku 7 kati ya kupulizia na kuvuna, na hali ya hewa ya baridi au mawingu huchelewesha zaidi. Tena, punje iliyokwisha komaa hukaushwa na jua na upepo. Glaifoseti haiharakishi sana ukaukaji huo. Kazi yake halisi kabla ya mavuno ni kuua magugu mabichi yanayoziba kombaini. Kama shamba lako ni safi, sioni unachonunua.

Mnunuzi pia anapima mabaki. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu hadi miligramu 30 kwa kilo ya ngano, Umoja wa Ulaya 10. Na tangu Ulaya ilipoidhinisha upya glaifoseti mwaka 2023, ni marufuku kule kuipulizia ili kukausha zao na kupanga siku ya kuvuna. Muulize mnunuzi wako kabla hujafungua chupa. Ngano ya mbegu, au shayiri ya kimea, usiiguse kabisa: uotaji hushuka, na miche inayotoka huwa na mizizi mifupi iliyodumaa.

Lita sasa. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 900 za asidi ya glaifoseti, yaani dawa halisi yenyewe, kwa hekta, lakini cha lebo yako ndicho cha kufuata. Chupa ya gramu 360 kwa lita inakupa lita 2.5. Angalia sana hapa: chupa iliyoandikwa 480 mara nyingi inahesabu chumvi ya isopropilamini, yaani asidi pamoja na kile ilichounganishwa nacho, na asidi iliyomo ni ile ile 360. Wengi hupunguza dawa wakidhani wameshika kali zaidi. Maji yawe masafi, kwa kuwa udongo hunasa glaifoseti na maji ya tope huiua ndani ya tangi. Maji magumu yenye kalsiamu hufanya hivyo pia. Tanguliza salfeti ya amonia, ikiyeyuka ndipo uweke dawa.

Kwa mvua unayoiogopa, ningegawa shamba. Weka vijiti kuzunguka bonde, vuna sehemu ya dhahabu ikifika asilimia 18 hadi 20 kama una pa kukaushia, kisha ishushe hadi 13 kabla ya kuhifadhi. Usichanganye na ya bondeni hata gunia moja, kwa kuwa punje mbichi chache hupasha moto lundo zima. Bonde liache limalize lenyewe, au likifika asilimia 35 lifyeke na ulaze masuke juu ya mabua yaliyosimama, upepo upite chini yake.