Re: Misumari midogo ya mfano wa mtepe

Ndugu, umeuliza misumari ya kubania mbao za mfano wako mdogo wa mtepe, yaani kile chombo cha tanga cha zamani cha pwani yetu, utaipata wapi hapa Bagamoyo. Usiitafute! Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kwa kipimo cha 1:40, chombo cha meta 20 kinatoka sentimita 50, kwa hiyo kamba halisi itakuwa nene mno. Tumia uzi wa pamba uliochovywa kwenye chai ya rangi. Toboa mashimo kabla ya kukunja mbao, tena mbali kidogo na ukingo (mimi nilipasua tatu kwa haraka zangu). Shona ubavu kwanza, mataruma (mbavu za ndani za chombo) baadaye. Na tanga liwe la mkeka, la pembe nne. La pembetatu ni la jahazi.