Muulize Mama Fundi: Ekstensheni inachemka, na msumeno je?

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam. Msumeno wangu wa mkono wa wati 2,000 nimeugeuza chini ya meza, kitufe chake nimekikaza kwa mpira, na nauwasha kwa swichi ya taa niliyoipigilia ubavuni mwa meza. Umeme nautoa kwa mwenye nyumba kwa ekstensheni ya mita 30. Ekstensheni inachemka, na msumeno unakosa nguvu nikipasua mninga. Ninunue ekstensheni ya aina gani?
Msomaji, Keko

JIBU: Marahaba mwanangu. La ekstensheni nitakujibu, ila lililoninyima raha ni la swichi, na hilo hukuniuliza.

Soma kwanza maandishi kwenye gamba la waya. Ukikuta 3G0.75, maana yake ndani mna nyaya tatu, mmojawapo wa ethi (wa kupeleka ardhini umeme uliovuja), kila mmoja una unene wa milimita za mraba 0.75. Ekstensheni nyingi za bei ya kutupa ni hizo. Msumeno wako unavuta karibu ampea 9. Umeme unakwenda mita 30 na kurudi mita 30, kwa hiyo volti kama 12 zinaishia njiani, na joto linalobaki kwenye waya ni la wati 100, kama balbu ile ya zamani. Hapo umeukunjua wote. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto hilo linajibana mahali pamoja na plastiki inalainika. Mninga nao ukiikaba mota, inavuta ampea zaidi, waya unazidi kuchemka.

Kwa mita 30 nunua 3G2.5. Upotevu utashuka hadi karibu volti 4. Ukiweza kusogeza meza ikabaki mita 10 au 15, 3G1.5 inatosha na utaokoa pesa. Dukani omba ukwaruze uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, mara nyingi hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa unene uleule haipitishi umeme kama shaba tupu. Mwachie mwenye duka. Tafuta pia plagi ya mpira yenye mdomo mpana, maana 2.5 haiingii vizuri kwenye plagi ndogo, na mafundi wanapunguza nyuzi ili ipite. Nyuzi zikipunguzwa, umelipia 2.5 bure. Fyuzi ni ya ampea 13, si kipande cha waya wala karatasi ya sigara.

Sasa swichi. Umeme wa Dar unaujua. Ukikatika katikati ya ubao, wewe unafanya nini? Unaingiza mkono kutoa kipande kilichonasa, unapangusa vumbi, unazungumza na mteja. Swichi ya taa imebaki imewashwa, kitufe cha msumeno kimekazwa kwa mpira. Umeme ukirudi, meno yanazunguka bila kukuuliza. Tena swichi ile imetengenezwa kwa taa: kila ukizima mota inapiga cheche ndani, siku moja shaba zake zinagandana na haizimi tena.

Unachohitaji ni swichi ya mashine yenye kitufe cha kijani na chekundu, ile inayojiachia umeme ukikatika. Ndani mna koili inayoshikilia swichi. Umeme ukienda, koili inaachia, na haiwaki mpaka ubonyeze kijani mwenyewe. Hakikisha koili ni ya volti 230, si 400, na ampea zake zizidi za msumeno wako. Inakata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja: upande mmoja unaingia waya wa kutoka kwenye soketi, upande wa pili unatoka wa kwenda kwenye msumeno. Waya wa ethi hauguswi na swichi, unapita moja kwa moja. Ifunge mbele ya meza, usawa wa paja, uweze kukipiga chekundu kwa goti mikono ikiwa imeshika mbao. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na akague pia kama soketi ya mwenye nyumba inalindwa na RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, ya miliampea 30.

Akimaliza, ijaribuni mbele yako: washa msumeno bila mbao, zima soketi, subiri meno yasimame, washa soketi. Ukinguruma, usimlipe.

SWALI: Mama, grenda yangu ina pini mbili. Vijana hapa wanafungua tundu la juu la soketi kwa kijiti. Kuna ubaya?
Msomaji, Likoni

JIBU: Upo. Pini mbili hazikazi kwenye soketi ya matundu matatu; zinalegea, zinapiga cheche, na hakuna fyuzi njiani. Kwenye kibandiko cha grenda tafuta alama ya mraba ndani ya mraba. Ikiwepo, haihitaji ethi: kata plagi hiyo, funga ya pini tatu, kahawia kwenye L, bluu kwenye N, pini ya juu ibaki tupu, na kwa grenda ya wati 850 weka fyuzi ya ampea 5. Alama isipokuwepo na waya una nyaya mbili tu, irudishe ulikoinunua.