Mlingoti wa mita 20.3 chini ya daraja la 19.8

Kaka, unauliza boti yako ya tanga yenye mlingoti wa mita 20.3 itapitaje chini ya daraja la mita 19.8. Kwanza pima upya. Hiyo mita 20.3 uliyoandika ni mpaka ncha ya mlingoti, au umehesabu na antena na taa? Aghalabu antena ndiyo hugonga mwanzo, na kuivua ni kazi ya dakika chache.

Madaraja mengi yasiyofunguka kwenye njia ya ndani ya maji ya pwani ya mashariki ya Marekani (Intracoastal Waterway), kutoka Norfolk kushuka Florida, yana kimo cha futi 65, yaani mita 19.8, maji yakiwa yamejaa. Subiri yapwe. Lakini karibu na Pamlico, ghuba ya North Carolina, usitegemee kupwa na kujaa: kule upepo ndio unaopandisha na kushusha maji, kwa hiyo soma kibao cha vipimo kwenye nguzo ya daraja. Daraja la Wilkerson, la upande huohuo, lina futi 64 tu.

Kuilaza boti upande kunawezekana. Watu hutoa nje mti wa chini wa tanga na kuning'iniza mifuko ya maji nchani. Ikilala digrii 20, mlingoti wako unabaki na kimo cha mita 19 hivi. Hakikisha tu tundu la kuvutia maji ya injini halijachomoza juu. Na upite polepole ukikabili mkondo, usisukumwe nao, ili uweze kurudi nyuma.

Miami, daraja la Julia Tuttle ni futi 56. Hapo usihangaike na mifuko: toka kwenda baharini kwa Port Everglades, bandari iliyo kaskazini ya Miami, kisha uingie tena kwa Government Cut, mlango wa bahari wa Miami.