Kero za huku ni ndogondogo, nazo ndizo zinazochosha

Shangazi, shikamoo. Na nyote wa nyumbani Ngamiani, Tanga, asalaam aleikum.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniuliza swali kwenye simu, nanyi mmekaa wote mnasikiliza: "Dada, sema kweli. Baridi tumeshaisikia, ubaguzi tumeshausikia. Kingine kinachokuudhi huko Ujerumani ni kipi? Maana kazi unayo, nyumba unayo, umeme haukatiki." Nilijibu juu juu, nikasema sijambo, Alhamdulillahi, tukaagana. Tangu siku hiyo swali limenikaa kifuani. Leo sina zamu, nataka nilijibu kwa kirefu, kwa sababu naye anatafuta njia ya kuja na sitaki aje akiwa gizani.

Kinachonichosha hapa Leipzig, na huu ni mwaka wa nne, si jambo kubwa. Kubwa likikufika kuna bima, kuna sheria, kuna wa kukushika mkono. Kinachochosha ni vile vitu ambavyo huko nyumbani hata hatuviiti tabu, kwa kuwa huisha kabla mtu hajakaa chini. Unamwita mtu, basi. Huku hakuna kuita.

Nianze na mlango. Mwezi wa kwanza mwaka jana, siku ya Jumapili, nilitoka kwenda kutupa taka. Nimevaa dera na sweta, malapa miguuni, mfuko wa taka mkononi. Milango ya nyumba za huku ukiivuta nyuma yako inajifunga yenyewe, na kwa nje haina kitasa cha kuzungusha, kuna kirungu tu kisichogeuka. Bila ufunguo huingii. Nilipofika chini nikakumbuka ufunguo uko juu ya friji, na simu iko hapo hapo pembeni yake. Nikapanda ngazi mbio, nikausukuma mlango kwa bega. Kimya. Milango mingine ilikuwa imefungwa yote, na nyuma ya mmoja nasikia kabisa televisheni inasema.

Mnajua pale kwetu Barabara ya 12 ingekuwaje. Ningepaza sauti mara moja tu uani, mtoto wa jirani angepitishwa dirishani, na huku akipitishwa watu watano wanaelekeza aweke wapi mguu. Hapa nilisimama dakika kumi nzima naona haya kugonga. Nilipogonga, kijana wa ghorofa ya pili alifungua, akanipa simu yake nimpigie fundi wa vitasa, nikamrudishia, akafunga mlango wake. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Ndivyo msaada wa huku ulivyo: unapewa ulichoomba, kwa kiasi ulichoomba. Nilikaa ngazini saa moja na nusu, miguu imekufa ganzi. Fundi akaja, akapenyeza kipande cha plastiki kwenye upenyo wa mlango, nukta chache tu ukafunguka. Euro 190, kwa kuwa ni Jumapili. Alipoondoka nililia, na wala sikulilia pesa.

Hizo taka zenyewe ni somo. Karatasi pipa la bluu, plastiki na makopo la njano, maganda na mabaki ya chakula la kahawia, kilichosalia jeusi. Chupa za vioo hazimo humo, unazipeleka kwenye makasha ya mtaani na kuzigawa kwa rangi: nyeupe kivyake, kahawia kivyake, kijani kivyake, na usizitupe usiku wala Jumapili maana zinapiga kelele. Chupa za maji na soda za plastiki nazo zina rehani ya senti 25 kila moja. Unazirudisha dukani, unaziingiza kwenye mashine, inasoma alama ya ubavuni, inakupa karatasi ya kudai pesa yako. Ikiwa umeibonyeza chupa ili ienee kwenye mkoba, mashine inaitema. Unaiingiza tena, inaitema tena, na watu wamepanga foleni nyuma yako wanashusha pumzi. Nataka mjue pia kwamba jioni kwenye kituo cha tramu namwona mzee mmoja, koti lake safi kabisa, anamulika tochi ndani ya pipa la taka anatafuta chupa za senti 25. Hapo mjomba huwa hataki kuniamini.

Jumapili maduka yamefungwa. Si moja moja, ni karibu yote, na mapumziko hayo ya Jumapili yamelindwa ndani ya katiba yao. Ukiishiwa chumvi Jumamosi usiku, umeishiwa mpaka Jumatatu, au upande tramu hadi stesheni kuu ambako maduka machache hufungua. Kwetu mtu anatoka na kanga kiunoni kwenda kupimiwa mafuta ya kula saa tatu usiku. Mwanzoni nilikuwa nasahau kila wiki. Sasa sisahau, lakini kila Jumamosi alasiri moyo unanienda mbio kama wa mtu anayekimbilia kivuko.

Sasa barua. Hili mdogo wangu lishike sana, maana ndilo litakalokusumbua kuliko baridi. Huku mambo hayasemwi, yanaandikwa. Bima barua, benki barua, mwenye nyumba barua. Hata ada ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, barua yake inakufuata ukishajiandikisha kwenye mji, uwe na televisheni usiwe nayo. Mimi sina, nalipa. Na ikija bahasha ya njano kutoka ofisi ya serikali au mahakamani, mleta barua anaandika tarehe juu yake, na toka siku hiyo muda wa kujibu unahesabiwa. Kusema sikuiona si udhuru. Nikirudi zamu ya usiku, kabla sijavua viatu, nafungua sanduku la barua, na mkono wangu huwa mzito.

Tena sanduku lenyewe lilinitesa miezi mitatu ya kwanza. Nyumba za ghorofa za huku nyingi hazina namba za vyumba. Mleta barua anafuata jina lililobandikwa kwenye sanduku na kwenye kengele. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mwenye nyumba akabandika la baba, ofisi ikaandika la babu, barua zikawa zinarudi zilikotoka kwamba mtu huyu haishi hapa. Nami niko juu, nimelala, kitanda changu mita chache kutoka kwenye hilo sanduku. Jina la babu yangu halikujulikana mlangoni kwangu! Nilichukua kalamu nikayaandika yote mawili kwenye karatasi, nikabandika kwa gundi ya utepe. Mpaka leo karatasi ile ipo, imeanza kuwa manjano, na sitaki mtu aibandue.

La saa nalo. Mnajua Mjerumani akisema "halb neun", kwa maneno yenyewe ni nusu tisa. Mimi kichwani kwangu naanza kwanza kuigeuza tisa yao iwe saa tatu yetu, kisha naongeza nusu, napata saa tatu u nusu. Kumbe wao huhesabu nusu ya kuelekea tisa, siyo nusu iliyopita baada ya tisa. Yaani saa mbili u nusu. Nilikuwa nimengoja miezi mitatu kumwona daktari wa macho. Nikafika saa tatu na robo, nimetulia kabisa najiona nimewahi. Dada wa mapokezi hakunigombeza, aliweka tu kidole kwenye kioo cha kompyuta, chini ya jina langu, akanionyesha. Nikapangiwa tena baada ya wiki kumi. Kwetu hospitali ya Bombo ungesubiri benchi siku nzima, hilo nalikubali, mgongo ungeuma, lakini jioni ungekuwa umeshaonwa. Hapa benchi hakuna, kuna wiki kumi.

Na mjomba, lile neno lako kwamba Mjerumani hachelewi, liache. Najua unaitazama stesheni ya Tanga na reli waliyoanza kuijenga mwaka 1893, unaona kazi ya watu wa mpango. Mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa kama 62 katika kila 100, na katika hesabu yao treni iliyochelewa dakika tano bado ni ya wakati. Tofauti ni kwamba sisi basi la Pangani likichelewa tunaongea, mtu anatoa machungwa ya Muheza kwenye kikapu, anamenya, anagawa. Hapa jukwaa zima watu wanatazama simu zao, kimya, na baridi inapanda kwenye nyayo.

Yapo ya nyumbani ambayo sina hamu nayo, nisiwe mnafiki. Kwenda ofisini na faili lako ukaambiwa njoo kesho, kesho kutwa, bwana mkubwa hayupo. Kuamka alfajiri kusikiliza kama bomba linatoa maji. Watu kukuangalia mwili na kuutolea hukumu kabla hata ya salamu. Huku sijaambiwa nimenenepa wala nimekonda miaka minne. Kuna siku naona ni raha, na kuna siku natamani mtu angenitazama akaniambia, wee, mbona umepungua, unakula kweli?

Kuna moja nimelichelewesha kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi. Mbuzi ya kukunia nazi niliyotoka nayo Tanga kwenye sanduku ninayo. Usiku mmoja wa Ramadhani, zamu ilikuwa imenichelewesha, nikasema nikune nazi nipike wali wa daku. Ilikuwa saa nne u nusu. Sakafu ya mbao, mbuzi inagonga kila nikisukuma kifuu. Asubuhi nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, mwandiko mzuri wa kizee, ikinikumbusha kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu. Imeandikwa kwa heshima, na salamu za kirafiki mwishoni. Nilikuwa radhi nitukanwe. Bibi huyu anaishi chini ya nyayo zangu, nasikia kikohozi chake, ananisikia nikitembea, kisha ananiandikia barua! Nilikaa nayo siku mbili. Nilikuwa namhudumia bibi wa rika lake kazini, namwogesha, namchana nywele, halafu wa nyumbani kwangu hata sura yake siijui.

Baada ya yale ya ufunguo ndipo nilipoamua. Nilipika kaimati, nikaziweka kwenye bakuli, nikashuka nikagonga. Alifungua mnyororo ukiwa bado umefungwa. Nikamwambia mimi ndiye wa juu, wa kelele, na siku ile mlango ulinifungia nje, naomba kama anaweza kunitunzia ufunguo wangu mmoja. Aliniangalia muda mrefu. Akaenda ndani, nikadhani ndiyo basi. Akarudi na ufunguo wake yeye, una utepe mwekundu, akasema aliwahi kuanguka bafuni na hapakuwa na mtu wa kumfungulia, alilala sakafuni mpaka asubuhi. Tukabadilishana pale pale mlangoni. Ufunguo wake unaning'inia jikoni kwangu sasa hivi ninavyoandika.

Sasa na nyinyi mniwie radhi, maana kero moja inatoka kwenu. Msiniandikie "Upo?" halafu mkanyamaza. Saa kumi na moja ya alfajiri yenu, katika majira haya ya baridi, huku ni saa tisa ya usiku. Simu ikilia saa hiyo nashtuka nikijua kuna msiba, natetemeka hadi mtu aandike tena, na mara nyingi alikuwa anataka kujua bei ya simu. Andikeni jambo lenyewe moja kwa moja. Niliwezalo nitafanya, nisiloweza nitasema. Kunyamaza kwenu ndiko kunakonimaliza.

Mdogo wangu, sikuzuii kuja. Ila kabla ya kuja, hakikisha pasi, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vina majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, herufi kwa herufi. Ukifika, siku ile ile tafuta mtu mmoja wa kumwachia ufunguo, hata kama itakubidi ugonge na kaimati mkononi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa tatu saa za huku zinasogezwa mbele, tutapishana saa moja badala ya mbili. Nitapiga siku hiyo baada ya alasiri yenu. Shangazi akae karibu na simu, maana bibi wa chini ameniuliza tui linatokaje kwenye nazi, na kila nikimweleza anadhani ni yale maji ya ndani. Nataka shangazi akune mbele ya kamera, aone mwenyewe.