Durban kwa siku moja: usirudie kosa langu

Mara ya kwanza nilipokwenda Durban, Afrika Kusini, nilinunua safari ya siku moja: wanyama, Wazulu na mji wa pwani, vyote kwa bei moja. Nikachukuliwa hotelini saa kumi alfajiri, tukashika njia ya Hluhluwe-iMfolozi, kilomita kama 280 kaskazini. Faru tuliwaona, sikatai. Hifadhi hiyo ipo tangu 1895, na ndiko faru weupe walikookolewa wasitoweke. Lakini hesabu barabara: saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. "Utamaduni wa Kizulu" ukawa robo saa kwenye duka la shanga, na bahari niliiona usiku kupitia dirisha la basi.

Mara ya pili nikapanga mwenyewe. Ukitaka vyote vitatu kwa siku moja, Hluhluwe iache, uje uipe siku zake mbili. Nenda Tala, hifadhi ndogo karibu na Camperdown, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini. Simba hakuna, na aliyezoea Serengeti atabeua mdomo. Mimi pundamilia wamenichosha tangu safari za shule za Mikumi. Ila faru alisimama karibu na gari letu, dereva akazima injini, na nikamsikia aking'oa nyasi, kwaru, kwaru, kama mama anayechuma mchicha bustanini. Hilo sikulipata popote kwetu.

Ondoka Tala kabla ya jua kuwa kali, urudi kupitia Botha's Hill, kwenye Bonde la Vilima Elfu. Pale PheZulu kuna ngoma na nyumba za nyasi za mviringo. Ni maonyesho ya watalii, ndiyo, basi usikae nyuma ukapiga makofi tu. Ongea na wenyeji. Sisi tuna bahati ambayo Mzungu hana: nyama kwa Kizulu ni inyama, mbuzi ni imbuzi, nyoka ni inyoka, ndovu ni indlovu. Mtu mmoja msalimie "sawubona". Wengi, au mzee unayemheshimu, "sanibonani". Nilipoingia ndani nilijikalia upande wa kushoto, mama mwenyeji akacheka mpaka akashika kofia yake nyekundu pana, isicholo, ile ya wanawake walioolewa. Kushoto ni kwa wanawake. Nikahamia kulia, na kuanzia hapo maswali yangu yote yakajibiwa. Picha omba kwanza.

Mjini uwe umefika saa tisa. Ukienda Juni, kumbuka jua la huko huzama saa kumi na moja na dakika chache tu. Wenzangu watatu walifika ufukweni gizani kwa kudhani wako Dar. Ni Bahari ya Hindi ileile, lakini mawimbi yake si ya Coco Beach, kwa hiyo ogelea katikati ya bendera za waokoaji, si pembeni.

Njaa ikiuma, tafuta bunny chow. Si sungura, ingawa kwa Kiingereza bunny ni sungura. Ni mkate uliochimbwa ndani ukajazwa mchuzi wa Wahindi wa Durban, ambao wazee wao walianza kuletwa 1860 kulima miwa. Huliwa kwa mkono, na pilipili yake haina utani. Agiza robo mkate. Nusu ni ya watu wawili, na mmoja wao awe hajala tangu jana.