Maswali ya Wasomaji: Mzee wa Makao Apelekwe Hospitali Lini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika makao yao mjini Indianapolis, Marekani. Karibu kila mwisho wa wiki gari la wagonjwa huja usiku kumchukua mzee mmoja au mwingine, na wengi hurudi baada ya siku kadhaa wakiwa dhaifu kuliko walivyoondoka. Aliyekuwa akitembea kwa kushikwa mkono hurudi hawezi hata kuketi. Mimi ninayewaogesha na kuwalisha naweza kufanya lolote, au hayo si yangu?

JIBU: Marahaba. Hayo ni yako, tena kuliko ya mtu mwingine yeyote katika jengo hilo. Sheria ya Marekani humtaka daktari amwone mkazi wa makao angalau mara moja kila siku 30 katika miezi mitatu ya kwanza, na baadaye mara moja kila siku 60, ilhali wewe humvisha nguo, humgeuza kitandani na kuona sahani yake kila unapoingia zamu.

Serikali ya Marekani ilikadiria, kwa takwimu za mwaka 2005, kwamba karibu nusu ya kulazwa kwa wakazi wa makao wanaolipiwa na Medicare (bima ya serikali kwa wazee) na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kungeweza kuzuilika. Magonjwa yanayowapeleka huko yanajulikana: nimonia, moyo kushindwa kusukuma damu vizuri, ugonjwa sugu wa mapafu, maambukizi ya ngozi, maambukizi ya njia ya mkojo, na kupungukiwa maji mwilini. Mengi kati ya haya hayaanzi saa nane za usiku wa Jumamosi. Huanza Jumatano au Alhamisi, polepole, kisha hudhihirika wakati nesi aliye zamu ni mgeni, daktari anayepigiwa simu hamjui mgonjwa, na jibu lililo rahisi kwa wote ni kumpeleka hospitali.

Mwili wa mzee hautoi ishara kama wa kijana. Nimonia inaweza kuja bila kikohozi kikubwa, na homa ya nyuzi 37.8 tu inatosha kuwa onyo. Ishara ya kwanza mara nyingi ni jambo dogo unaloliona wewe: amebakiza uji wa shayiri ambao huumaliza kila asubuhi, kikombe cha chai kimepoa bila kuguswa, anahitaji watu wawili kuinuka badala ya mmoja, ananyamaza katikati ya mazungumzo, nepi ya usiku ni kavu kuliko kawaida na mkojo uliomo una rangi nzito. Mpango uitwao INTERACT, ulioanzishwa na Dkt. Joseph Ouslander na wenzake, una karatasi fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi yako, ili mabadiliko kama haya yaandikwe na kukabidhiwa nesi siku hiyo hiyo. Uliza kama makao yenu yanaitumia. Kama hayaitumii, andika mwenyewe katika kumbukumbu za zamu.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Ukimwambia nesi kwamba bibi wa chumba fulani "hayuko sawa leo", atakuitikia na kuendelea kugawa dawa. Mwambie hivi: "Tangu juzi anakula nusu ya chakula, leo amekunywa vikombe viwili tu tangu asubuhi, jana alitembea hadi chooni na leo ameshindwa; naomba umpime kabla sijatoka zamu." Nesi akishapima joto, mapigo ya moyo, pumzi na oksijeni, ana jambo la kumweleza daktari, na mara nyingi maji zaidi, dawa ya vidonge au dripu iliyowekwa hapo hapo makaoni hutosha. Ila usishinikize mkojo upimwe kwa sababu tu unanuka, kwani kati ya robo na nusu ya wanawake wanaoishi katika makao hayo wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua, na dawa wasizozihitaji huwadhuru.

Nakuambia ukweli kwamba karatasi pekee haizuii kitu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, makao yaliyofundishwa mpango wa INTERACT bila kusaidiwa kwa karibu hayakupunguza safari za hospitali. Miongoni mwa palipofanikiwa zaidi, katika majaribio ya serikali ya kupunguza safari hizo yaliyoanza mwaka 2012, ni majimbo ya Missouri na Indiana uliko wewe, ambako wauguzi wenye ujuzi wa juu waliwekwa ndani ya makao yenyewe wakiwajua wakazi kwa majina. Baadaye serikali iliongeza malipo kwa makao ili yawatibu wagonjwa hapo hapo, na fedha hizo hazikuleta upungufu uliotarajiwa. Kwangu mimi hilo linatosha kuonyesha kwamba penye upungufu wa watu wanaomfahamu mzee, fedha haziwezi kuziba pengo.

Aliyevunjika nyonga, aliyepooza ghafla upande mmoja, mwenye maumivu ya kifua au anayehema kwa shida hata baada ya kupewa oksijeni apelekwe mara moja, isipokuwa kama yeye mwenyewe alikwisha kuamua vinginevyo na uamuzi wake umeandikwa.

SWALI: Mama mkwe wangu yuko katika makao ya wazee Minneapolis. Wauguzi wa huko hutupigia simu usiku na kutuuliza kama tunataka apelekwe hospitali. Mume wangu hukubali kila mara, akiogopa ndugu watasema tumemtupa mama. Tujibu vipi?

JIBU: Dada yangu, hofu ya mumeo naielewa, na ndugu zake wanapaswa kuelezwa kwamba kumtibia mama kitandani pake si kumtupa. Siku za kulala wodini humwondolea mzee nguvu za misuli, na mahali pageni humchanganya akili. Simu ikija, ulizeni kwanza: nini kimebadilika na tangu lini, vipimo vyake ni vipi, hospitali itampa nini ambacho hapo hakiwezekani. Msisubiri usiku kuzungumza. Ombeni kikao cha mpango wa matunzo, ambacho sheria ya Marekani ya mwaka 1987 kuhusu makao ya wazee inawapa haki ya kushiriki, na mama akiwa bado na fahamu zake, yeye ndiye aulizwe anataka nini. Matakwa yake yaandikwe katika fomu ya maagizo ya tiba, isainiwe na daktari, na nakala iwekwe kwenye faili lake. Akibadili mawazo, fomu hubadilishwa. Katika kikao hicho ulizeni pia nani hupokea simu ya daktari Jumamosi na Jumapili, na kama wauguzi wa zamu ya usiku wanaweza kuweka dripu.